Chumvi Niliyotia Mbele ya Jeneza Lako

Mama Neema,

Kiti chako nimekipoteza. Nilitaka nianze na salamu za kanisani, na jinsi nilivyonenepa tangu uache kunisimanga, lakini najua ungeiruka mistari yote hiyo ukitafuta ubaya uko wapi. Basi ndio huo. Kiti cha saba katika timu ya uongozi wa chama jimboni, kile ulichokipigania miaka yote ile, mimi nimekikalia miezi mitatu kikanitoka.

Usinikasirikie kabla sijafika mwisho.

Siku tuliyokuaga pale kanisani Granville, Kiongozi wetu wa jimbo alikuja. Gauni jeusi, viatu vya kubana, na akavumilia ibada yetu iliyochukua saa nne nzima bila kutazama simu hata mara moja. Mchungaji akamwomba aseme neno, na kwa kuwa wazee wetu Kiingereza kinawapiga chenga, akaniita mimi nitafsiri. Mimi! Ungekuwa na pumzi ungekataa hapo hapo.

Alisema maneno mazuri ya mtu asiyejua aseme nini. Kwamba ulikuwa jasiri. Kwamba chama hakitawasahau watu wa mtaa wetu, St Marys. Basi. Nikalitazama jeneza lako, nikawatazama akina mama waliotoka zamu ya usiku wakiwa bado na sare za kazi, nikausikia mdomo wangu ukisema: "Anaahidi kwamba mgombea ubunge wa hapa mtamchagua ninyi wenyewe, wanachama wa tawi. Hamtaletewa mtu kutoka ofisi ya mjini."

Vigelegele vilivyopigwa! Kiongozi mwenyewe akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Alidhani wanashangilia lile la kutosahauliwa.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Neema wako, benchi la mbele. Huyu binti tunayemlaumu kwamba ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, kumbe masikio yake yanashika zote mbili. Tulipofika makaburini akanishika kiwiko, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake cha hapa: "Anko, yeye hakusema hivyo." Nikamwambia ni huzuni tu, mwanangu. Akakiachia kiwiko changu.

Baada ya hapo wakaniomba nishike kiti chako mpaka uchaguzi wa chama. Nikanunua tai. Kila nikipanda treni pale Rooty Hill kwenda mkutanoni nilijiambia watu watasahau. Lakini watu wetu unawajua. Neno lililosemwa mbele ya maiti halisahauliki. Mbele ya maiti hata mlevi huchunga ulimi.

Jumanne iliyopita tulikuwa na jambo moja mezani: mgombea wa eneo letu. Watatu, Kiongozi akiwemo, walimtaka wakili mmoja wa ofisi kuu, ambaye nadhani St Marys anaijua kwenye ramani tu. Watatu walitaka wanachama wachague. Wa saba mimi. Kabla ya kura, Katibu akasoma barua kutoka tawini, imeandikwa na Mzee Baraka, na video ya vigelegele vile, Kiongozi mkono kifuani, imeambatishwa. "Kiongozi aliahidi mbele ya mwili wa Mama Neema," barua ilisema.

Katibu akavua miwani. Yeye ni wa upande wa wakili, lakini akasema: "Kama uliahidi msibani, hatuna cha kupigia kura. Tukiivunja ahadi hiyo tumekwisha."

Unaona, Mama Neema? Uongo wangu ulikuwa unashinda. Ulikuwa unaleta kile kile ulichokitafuta mpaka ugonjwa ukakulaza.

Kiongozi akageuka. "Karanja, ulisimama kando yangu. Nilisema hivyo?"

Kimya kingetosha. Hata kukohoa kungetosha, na mimi kwa kukohoa unanijua. Jasho likanitiririka mpaka kwenye ile tai mpya.

Nikaikumbuka siku tuliyokutana. Wewe mkalimani wa hospitali, mimi nesi wa wodi, na yule mzee wa Bukavu kitandani akisubiri kuambiwa majibu yake. Nilikusihi umpunguzie makali ya maneno ya daktari. Ukanitazama juu mpaka chini. "Weye Mukenya, usitie chumvi mu maneno ya mwenzako. Chumvi ni ya sombe." Sikujua hata kwamba sombe ni kisamvu. Ukamwambia mzee yote, neno kwa neno, kisha ukaketi naye, umemshika mkono, mpaka watoto wake walipofika.

Nikasema, "Hukusema. Niliyesema ni mimi."

Bwana mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Katibu akasema siwezi kuendelea kukaa pale. Sikubishana, nilikuwa nimeshasimama. Karatasi zako nikaziacha mezani.

Nisamehe.

Basi wakabaki watatu kwa watatu, na kwa kanuni za chama kura ya kuamua ikawa ya Kiongozi. Akazivuta karatasi zako karibu naye. Kisha akasema, "Tangu siku ile najiuliza kwa nini walinishangilia vile. Sijawahi kushangiliwa vile." Akaahirisha kura. Jumapili hii anakuja St Marys kulisikiliza tawi mwenyewe, ndipo aamue. Nilipokuwa mlangoni akaongeza: "Na atafsiri mtu mwingine." Hapo hata mimi nilicheka.

Nikamtajia binti yako. Neema nilimpigia simu jioni ile nikamweleza kila kitu, nikangojea Kiingereza. Akasema, "Nitakuya, Anko. Nitasema vile banasema." Kiswahili, Mama Neema. Kile chako, cha Bukavu kabisa.

Sijui kama Jumapili tutapata au tutakosa. Huenda nimewaponza watu wako kwa kusema ukweli kama nilivyowaponza kwa kudanganya. Lakini nakuahidi hili: kabla Kiongozi hajafungua kinywa, nitasimama mbele ya tawi zima niwaambie ile ahadi waliyoishangilia ilikuwa yangu. Mzee Baraka akininyima mkono, nitakuwa nimestahili. Kisha nitakaa nyuma karibu na mlango, ninyamaze. Ndiyo, mimi.

Pumzika sasa, dada yangu. Sombe ya Jumapili nitapika mimi, na humo ndimo nitakamotia chumvi.

Ndugu yako,
Karanja