Baba Mkwe, Kuhusu Yule Mbwa Wako

Mpendwa Baba Mkwe,

Najua utashtuka, popote ulipo, kuona nakusemesha moja kwa moja. Miaka kumi na moja nimekuwa mke wa mwanao Ambakisye, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukuambia neno huku nikikutazama. Nilikukwepa kama mila yetu ya ukutila inavyotaka: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anapisha. Vijana wa siku hizi hapa Kyela wanaicheka mila hiyo. Mimi na wewe tulikuwa wakaidi wawili, tukaishika mpaka mwisho.

Sasa una miezi minne kaburini, na kuna swali uliniuliza nikalinyamazia. Ulitaka kujua kama mbwa wako Askari nilimwondoa kwa ajili ya nywele zake au kwa ajili yako wewe. Siku tatu baadaye ukafariki. Tangu hapo kila nikikaa kwenye cherehani swali lako limekaa pembeni yangu, na nimechoka kukaa nalo. Nivumilie, maana jibu langu si fupi.

Ulikuja kwetu Bondeni baada ya kiharusi. Ulikaa mbele na dereva, mkono wa kushoto umelala mapajani, na nyuma ya gari, juu ya mikungu ya ndizi, alikuwa amesimama Askari. Mbwa mkubwa, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Aliruka chini akajikung'uta, na mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jiko nikaziona nywele zikipeperuka kwenye jua. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha.

Si kwamba simpendi mbwa. Lakini nyumba ile ulikuwa unaijua. Chumba cha mbele ni cha kushonea, kila ukuta una nguo ya mtu. Na mjukuu wako Tusa, binti yetu wa pekee, ana pumu tangu hajaanza kutembea. Wewe ulipewa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uani, ili tusigongane, na Askari akalala mlangoni pako. Tusa naye akahamia huko. Akitoka shule anakwenda kumkumbatia yule mbwa kabla hata hajavua viatu.

Kufikia mwezi wa pili mtoto alikuwa anakohoa kila alfajiri, kifua kinalia, mabega yanapanda na kushuka. Mara mbili tulimkimbiza hospitali. Wakati huohuo jirani yetu Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa, alinirudishia baibui jipya nililomshonea. Alilishika kwa ncha za vidole viwili. "Mama Tusa, mwanangu, kazi yako nzuri sana, lakini hili nitaliswalia vipi? Tazama, lina manyoya kuliko mbuzi." Nilicheka kwa aibu. Alipoondoka nililia.

Nikamwambia mume wangu, yaani mwanao, akueleze. Nilimpangia maneno vizuri kabisa: mwambie baba ni kifua cha mtoto, mwambie mpwa wake wa Matema atamtunza Askari, mwambie tutatafuta njia nyingine. Wewe unamjua Ambakisye, maneno kwake ni kama meno, hatoi mpaka yang'olewe. Tena alikuja kukwambia ulipotoka kliniki, wakati mbwa ameshapakiwa na kuondoka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, sindano mkononi, nikamsikia akisema: "Baba, mke wangu amesema mbwa aondoke."

Basi. Hayo tu. Nilisimama pale nikiomba aongeze japo neno moja kuhusu mtoto, hakuongeza. Mwanamke mwingine, wa kabila jingine, angefungua mlango aseme, samahani baba, haikuwa hivyo. Mimi nilishika kitasa nikakiachia. Nawe ukasema, "Ni nyumba yake."

Kuanzia siku hiyo chakula kilirudi nusu. Tusa akibeba sahani anasema babu ameshiba. Redio yako ukaacha kuiwasha. Mtoto kweli akaanza kupumua vizuri, nikawa nafurahi kwa jicho moja na kulia kwa jingine, maana kifua chake kilipona na nyumba ikawa kama ina msiba.

Ndipo nikaanza kutafuta mbwa. Niliuliza hospitali kwanza. Muuguzi mmoja mwenye subira aliniambia hakuna mbwa asiyetoa nywele kabisa, na kwamba shida si nywele peke yake, ni mate pia na mba ya ngozi. Lakini wapo wanaopukutika kidogo sana, hasa wenye manyoya ya kujikunja, na mtoto mwingine anawavumilia vizuri. Akasema mtoto akae naye kwanza siku kadhaa tofauti, dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na mbwa asipande kitandani. Nikaongeza masharti yangu. Awe mdogo, kwa kuwa wewe huwezi kushindana na mbwa mkubwa kwa mkono mmoja. Awe mpenda watu, kwa kuwa utakuwa umekaa kutwa nzima. Ambakisye alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Sasa unatafuta mbwa au mchumba?"

Aliyenisaidia, Baba, ni Bi Zuhura. Usicheke. Aliniambia, "Mimi mbwa simgusi, unajua dini yangu, lakini mteja wangu mmoja wa Ipinda, mwalimu mstaafu, amerudi kutoka Dar na kijibwa cha kizungu kama pamba, na kimezaa." Akaniandikia namba ya simu kwenye boksi tupu la nyuzi.

Kwa yule mwalimu tulikuta wamebaki wawili. Mmoja mnene, manyoya yamelala, mcheshi, ananing'inia kwenye sketi yangu kama ananidai kitu. Wa pili mdogo, mweupe wa kufifia, manyoya yamejiviringa, amekaa anatutazama tu. Tusa alishamchagua mnene kabla sijakaa. Mimi nikatoa kwenye mkoba vipande viwili vya kitambaa cheusi cha suti. Mwalimu akaniuliza vya nini. Nikamfunga kila mmoja kwenye kipande chake, nikamsugua mgongo na tumbo kama ninavyomkausha mtoto, kisha nikavitandaza juani. Cha mnene kilikuwa kimeota ndevu. Cha mdogo kilikuwa na nyuzi tatu. Yule mwalimu aliangua kicheko, akasema miaka yote amefuga mbwa hajawahi kuona fundi akimpima mbwa.

Tusa alinuna njia nzima. Lakini Jumamosi tatu mfululizo tulikwenda Ipinda, akakaa na yule mdogo mapajani saa nzima, mimi nikihesabu pumzi zake na mkono nimeutia ndani ya mkoba, juu ya dawa. Hakukohoa. Jumamosi ya tatu ni yeye aliyekataa kumwacha.

Wewe ulimkataa. Ulimwambia Ambakisye, "Mimi si mtoto wa kubembelezwa na mdoli," na safari hii mwanao alinifikishia maneno yote bila kupunguza hata moja. Nilikasirika. Nilikaa jikoni nikamenya viazi kana kwamba vimenikosea. Baada ya muda Tusa akaja anakimbia kwa vidole vya miguu. "Mama, njoo usikie. Hapana, huwezi kuja. Mama, kamelala juu ya mkono wa babu. Ule usiosikia. Na babu anautazama tu."

Ukampa jina Chenga, kwa kuwa alikuwa mdogo kama mchele uliovunjika, ule unaobaki baada ya kupepeta.

Haikuwa raha tupu. Mbwa asiyepukutika ana mambo yake: manyoya yake hayaanguki, kwa hiyo yanasokotana, na kwa mvua zetu za Kyela na lile tope la uani, wiki moja tu alikuwa kama dekio. Ikabidi nimchane kila jioni na kumwogesha kila Jumamosi, na nilipojaribu kumpunguza nywele nikaharibu makasi yangu mazuri ya kitambaa. Ulinisikia nikimgombeza. Na hapo ndipo mimi na wewe tulipoanza kuongea.

Unakumbuka? Nilisema, "Chenga, umeniulia makasi, nenda huko kwa babu yako, na umwambie chai iko tayari." Sikukusudia kitu. Ukutani nikasikia sauti yako, ya kwanza kwangu tangu siku ile ya Askari: "Chenga, mwambie mama yako nimesikia. Na mwambie ya jana ilikuwa na sukari ya kutosha harusi."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Mila haikukatazi kuongea na mbwa. Tangu siku ile mlango wa katikati nikauacha wazi kidogo, pazia limeshushwa, mbwa analala kizingitini, kichwa kwako na mkia kwangu, nasi tunamtwisha maneno. Chenga, muulize babu kama mguu umeamka. Chenga, mwambie mama yako hiyo cherehani inahitaji mafuta, inalia kama mgonjwa. Ulinisimulia mashamba yako ya mpunga, na ulivyokuwa ukipeleka mchele Lyulilo siku ya soko na kurudi na vyungu vya Ikombe, vile wanavyovifinyanga kwa mikono, na marehemu mama mkwe akikuta kimoja kina ufa anakurudisha sokoni kwa miguu. Nilijua mambo ya maisha yako ambayo Ambakisye hayajui mpaka leo. Nilipokuletea samaki uliowapenda, ukasema, "Chenga, mwambie ndaga fijo," ile asante sana ya kwetu, ukajifanya unakohoa.

Miezi kumi na minne tuliishi hivyo. Nilikuwa nafurahi kuamka.

Halafu mchana ule wa mvua. Nilikuwa nashona sare za kwaya, Tusa yuko shule. Ukamwita mbwa, ukasema taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu: "Chenga, hebu muulize mama yako. Askari aliondolewa kwa ajili ya nywele zake, au kwa ajili yangu?"

Ningeweza kusema "nywele" na ungeamini. Nilikanyaga pedali. Nilishona mshono mrefu ambao haukuwa na kazi, nikafika mwisho, nikaanza mwingine. Ukangoja. Kisha ukasema, "Muache, Chenga. Ana kazi."

Ulinitafutia udhuru, Baba. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Nilinyamaza kwa sababu jibu la kweli lilikuwa na pande mbili, na sikujua namna ya kumtwisha mbwa pande mbili. Sasa nakwambia mwenyewe. Zilikuwa nywele. Kifua cha Tusa kilikuwa kinalia, na ningemwondoa Askari hata kama ungekuwa mfalme. Lakini alipoondoka nilipumua pia, si kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa nimechoka na wewe. Nilichoka kukohoa kabla ya kutoka uani ili ujue napita, kuzunguka nyumba yangu mwenyewe kama mwizi, kufua mashuka ya mtu nisiyeweza hata kumpa pole. Kuna siku nilitamani na wewe upakiwe kwenye lile gari pamoja naye. Nilitamani hivyo, siku moja au mbili. Sikuwahi kumwambia mtu, hata kwenye maombi.

Na lau ungeniuliza swali lile siku zile Askari alipoondoka, labda ningesema jambo la kukuumiza. Uliniuliza wakati nimeshakupenda. Ndiyo maana nilishindwa.

Chenga yupo. Wiki ya kwanza hakula, akalala kwenye kizingiti, kichwa upande wako. Sasa anakula. Tusa anamchana mwenyewe na ana afya njema, hajakimbizwa hospitali tangu mwaka jana. Bi Zuhura anakuja kuchukua nguo zake, anamzunguka mbwa kwa mbali huku akimwuliza hali. Watu wananiuliza nilimpata wapi, wanataka kijibwa kama hiki kwa ajili ya watoto wao, nami nawaambia wajue kwanza nani nyumbani ana kifua na nani ana upweke, rangi watachagua baadaye.

Kuna jambo moja zaidi, kisha nakuacha upumzike. Siku ya kukuaga, kule Matema, nilipanga mstari na wengine, macho chini kama siku zote. Nilipofika kwenye jeneza nikasema potelea mbali, nikayainua. Nikakutazama, Baba, usoni, bila haraka, mpaka shangazi yake Ambakisye akanisukuma kidogo mgongoni. Nyusi zile, paji lile, na ile alama ndogo chini ya jicho. Ni Tusa. Uso niliofundishwa kuukwepa miaka yote hiyo ndio niliokuwa nikiuosha kila asubuhi kabla ya shule.

Lala salama, Baba.

Mkweo anayekupenda,
Mama Tusa