Mwahija na Hesabu za Kutoa

Kilwa Kivinje,
Lindi.
20 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Maimuna,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya yote nijulishe hali yako. Unalala vizuri? Unakula? Safari hii siulizi kwa mazoea tu, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Baba miguu imepata nafuu, na mume wangu Musa ameshaanza kuokota korosho.

Nimekuandikia kwenye karatasi badala ya kukutumia sauti kwenye simu, maana mwanao Mwahija hakuna ujumbe wa kwako au wa kwangu asiousikiliza, na haya sitaki ayasikie. Barua nimempa Flora, binti wa Sebastiani, anayekuja Maskati kufanya kazi kama wewe.

Nilikwambia kuwa mwalimu wa darasa la tatu aliniita, akasema mtoto hesabu zinampiga chenga. Nikaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani, kila baada ya alasiri, mimi na yeye mkekani na korosho zetu kwenye ungo. Kujumlisha alielewa upesi. Kutoa akakataa katakata. Nikisema, "Una korosho nane, mpe Babu tatu, umebaki na ngapi?" anaficha mikono mgongoni na kuniuliza, "Mama mkubwa, nikisema, zitarudi?"

Nilidhani ni ukaidi. Siku moja nikamkazania. Nikamwonyesha kuku wetu wakiingia bandani. "Kuku saba, kicheche akichukua wawili?" Machozi yakamlenga, akasema taratibu, "Watano."

Asubuhi nilipofungua banda walikuwa watano. Hapakuwa na damu wala unyoya chini, na komeo lilikuwa vilevile nilivyolifunga. Musa akasema ni kicheche kweli. Na mimi nikajilazimisha kuamini.

Jumapili yake akaja Mwalimu Damiani, jirani yetu mpya kutoka Kipatimu, mtu mpole sana. Akashauri mtoto afundishwe kwa watu anaowajua, labda atachangamka. Tulikuwa wote barazani. Akamwuliza, "Nyumbani mko wanne. Mmoja akiondoka, mnabaki wangapi?"

Mwahija akatutazama mmoja mmoja. Babu yake, Musa, mimi, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Macho yake yalikawia kwa kila mmoja wetu. Halafu akauliza, "Mwalimu, nimtoe nani?"

Mwalimu alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Mimi nilijikuta nasali kimoyomoyo asinitaje.

Baba ndiye aliyetunusuru. "Nitoe mimi," akasema. "Kesho naenda Njinjo kuangalia shamba. Alhamisi niko hapa."

"Utarudi kweli, Babu?"

"Nitarudi, inshallah."

Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Watatu."

Baba alipoondoka, mtoto hakula. Nilimkalisha karibu yangu nikikuna nazi, nikamwuliza anaogopa nini. Akaniambia siku ile unaondoka, pale stendi, ulimfuta machozi ukamwambia, "Tuko watano. Mama akienda Maskati mnabaki wangapi?" Akajibu wanne. Ukamsifu, ukapanda basi. Anaamini ni jibu lake lililokuondoa. Sikuandikii haya kukulaumu. Ulitaka kumliwaza, na huenda hata mimi ningefanya hivyohivyo.

Alhamisi baba akarudi mzima, na mfuko wa mihogo begani. Mwahija akamshika magoti, akamshika ndevu, akasema, "Watatu, jumlisha Babu, wanne." Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu uondoke. Nikapata njia. Nikamweleza kwamba kutoa na kujumlisha ni ndugu, kinachotoka kwa huyu kinaweza kurudi kwa yule. Tukafanya hivyo na korosho, na vikombe, na viazi. Shuleni sasa anapata zote, na mwalimu wake kaniuliza nimemfundishaje.

Natamani habari ingeishia hapo.

Lakini alikwenda bandani peke yake, akawajumlisha wale kuku wawili waliopotea. Kesho yake tukawakuta uani. Ni wao wenyewe, yule mwekundu namjua kwa kidole chake kilichokatika. Ila hawadonoi. Namwaga pumba, wenzao wanazikimbilia, wao wamesimama wameelekea ukuta. Hawatoi sauti hata ukiwashika. Musa alitaka kuwachinja, baba akakataa, akasema nyama hiyo haiingii nyumbani kwake. Wapo mpaka leo.

Juzi, adhana ya magharibi ikikaribia, nilikuwa namenya vitunguu nikamsikia huko mkekani, "Wanne, jumlisha mama, watano." Niliita jina lake, lakini nilikuwa nimechelewa. Mlango wa uani ukagongwa.

"Hodi."

Ilikuwa sauti yako, Maimuna. Sauti yako kabisa, pamoja na ile namna yako ya kulivuta neno mwishoni. Mwahija akainuka. "Ni mama. Nimemjumlisha."

Nikamshika kiunoni. Nikamwambia, "Mama yako yuko Maskati, jana tu katutumia picha. Akija atapita mlango wa mbele, mchana, na mizigo yake. Huyu hatumfungulii." Mtoto akalia akijinyofoa. Huko nje pakagongwa tena, polepole, kama mtu asiye na haraka. Baba akatoka chumbani akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, akasoma mpaka kukawa kimya. Kulipokucha sikuona nyayo uani. Wale kuku wawili tu ndio walikuwa wamegeuka, wanautazama mlango.

Ndiyo maana naomba Flora akishakufikishia barua hii, unipigie hapohapo, nisikie uko mzima. Kisha zungumza na mwanao. Mwambie uliondoka kwa miguu yako kufuata kazi, jibu lake halikukufukuza. Mimi na yeye tumekubaliana kuwa hesabu ya mama haisemwi mpaka mama awe ameketi pamoja nasi. Anajizuia, lakini ni mtoto, na amekukumbuka sana. Wakati mwingine namwona midomo inamchezacheza, namwita tukachote maji.

Mkataba ukiisha, nakusihi usiuongeze.

Baba anakuombea kila baada ya swala. Musa anakusalimu, vilevile Mwalimu Damiani ingawa hamjaonana. Mwahija anakuamkia, shikamoo mama. Mwenyezi Mungu akukinge na shari zinazoonekana na zisizoonekana, akurudishe kwetu ukiwa wewe.

Na siku utakayofika Kivinje, hata kama ni mchana na nakuona dirishani, usitosheke na hodi. Niite kwa lile jina la utotoni tulilokuwa tukiitana mimi na wewe tu. Nikilisikia ndipo nitafungua.

Wako akupendaye tangu nikikubeba mgongoni,
dada yako Zuwena.