Meza ya Kioo ya Sukari

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuaga bila kukuachia mtoto. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka mfukoni.

Nilikupigia simu Jumapili. Nilisikia "Nani? Nani huyo?" mpaka nikacheka, nikakata. Nyundo na mabati vimekula masikio yako yote, kwa hiyo tuendelee na kalamu.

Nina habari. Bosi amenipa keki yangu ya kwanza peke yangu. Tangu niingie hapa nimekuwa nikipaka krimu kwenye keki za wenzangu na kuosha vyombo. Hii ni ya msichana anayetimiza miaka tisa. Anafanya sherehe ya urembo: yeye na wenzake wa darasani watasukana, watapakana rangi za kucha, watavaa magauni na kupigana picha kama mabibi harusi. Usicheke. Keki nayo lazima iwe ya urembo. Mwingine angechomeka rangi ya mdomo ya sukari juu yake akamaliza. Mimi nataka kutengeneza meza nzima ya kujipambia, kama ile ya Mama.

Tatizo siikumbuki vizuri. Nikifumba macho naona kioo na mgongo wake, basi. Droo zilikuwa mbili au tatu? Juu alipanga nini? Nielezee, Baba. Macho angalau unayo.

Mwanao,
kitinda mimba


20 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Marahaba. Barua yako imenikuta salama. Kikohozi kimekwenda kutafuta kifua kingine. Hongera kwa keki. Sielewi mtu anajengaje kitu kizuri hivyo ili kiliwe, lakini mimi nimetengeneza ndoo maisha yangu yote na zote zimeishia kutu, kwa hiyo sina la kusema.

Kwa hilo uliloniuliza ilinibidi niingie chumbani. Nikwambie tu ukweli: tangu tulipomzika mama yako nalala sebuleni, kwenye kochi. Nilitoa nguo zangu, nikafunga mlango. Watu wakiniuliza nasema chumba kina joto.

Basi nimeingia. Droo ni mbili, na ya kushoto haifungi mpaka uinyanyue kidogo. Kioo kimeshikwa na vijiti viwili pembeni, kimeinama kama mtu anayesikiliza. Juu kuna chupa ya mafuta ya nywele, kopo la poda lenye ua kwenye kifuniko, wanja, kitana kilichopungukiwa meno, na rangi ya mdomo moja tu, nyekundu iliyoiva, imelika upande mmoja. Alikuwa akianzia kushoto siku zote. Kwenye kifuniko cha poda kuna alama ya kidole. Vumbi sikulifuta.

Nilikaa kwenye kistuli chake. Ni kifupi, magoti yakanifika kifuani. Nilikaa mpaka jirani akaja kuuliza kama nimekula.

Ushauri wa fundi bati: kioo chako kikitaka kuanguka, usikibandike kwa mbele. Kiegemeze kwa nyuma, pale asipoona mtu.

Uniambie ilikuwaje.

Baba yako


2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo, nashukuru.

Sherehe lazima imeshapita, na sijapata neno. Yule wa dirishani pale posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Keki ilianguka? Kama ilianguka, ilianguka, ni sukari. Au ni mimi niliyekuandikia mazito kuliko ulivyouliza? Mtu akikaa na kimya muda mrefu, akipata wa kumsikiliza humwaga yote na ndoo yake.

Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


18 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niko mzima, usihangaike na posta tena. Keki haikuanguka. Nilikiegemeza kioo kwa nyuma kama ulivyosema.

Ile sukari ya kupambia keki hukandwa ikafinyangwa kama udongo. Droo ya kushoto niliiacha wazi kidogo. Kitana nilikitoa meno, rangi ya mdomo nikaichonga upande mmoja. Bosi aliizunguka keki, akasema, "Mbona watoto wa watu umewatengenezea vitu vilivyotumika?" Nikamjibu, "Kitana kisichotumika kimempendezesha nani?" Akaguna, akaiacha ipite.

Dereva wetu wa kazini alinishusha nayo mlangoni akaendelea na oda nyingine. Ndani nikakuta viti vimepangwa duara, kila kiti na taulo lake na kioo cha mkononi. Vyote vitupu. Nikadhani nimewahi. Mama wa msichana alikuwa jikoni na simu, anasema kwa sauti ya chini, "Hata nusu saa tu? Haya. Haya, si neno." Kumbe wamehamia mtaa ule juzijuzi, na siku ileile mtoto mwingine wa darasani alikuwa na sherehe yake. Wageni wote wameenda huko.

Msichana alikuwa kwenye kiti kimoja, na gauni lake la kumetameta, mikono mapajani. Hakuwa analia. Aliitazama keki sana.

"Ni meza ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Mbona kitana chake kibovu?"

"Alikuwa na nywele nyingi."

Akacheka kidogo. Kisha akapigapiga kiti cha pembeni yake, kama msusi anayekaribisha mteja: "Kaa hapa. Wewe ndiye wa kwanza."

Nilikuwa na aproni yenye madoa, Baba, na miguu imevimba. Nikakaa. Alinipaka poda mpaka nikapiga chafya. Wanja ukapanda karibu na sikio. Kila kidole rangi yake. Mama yake alipotokea jikoni akasimama pale mlangoni, simu bado mkononi. "Mama, panga foleni," akaambiwa. Akapanga. Dereva aliporudi kunichukua naye akakalishwa, akakubali kupakwa kidole kimoja, kile cha mwisho, kwa sharti kwamba kazini nisimseme.

Tukakata keki watu wanne. Ilikuwa ya kulisha darasa zima.

Wakati natoka msichana akaniuliza, "Utakuja tena?" Nikamjibu, "Mkiagiza keki." Jibu gani hilo? Mpaka leo linaniwasha.

Jioni nikapanda ngazi za chumbani kwangu na uso wote ule. Sikukutana na mtu. Kazini tunacheka vizuri tu, lakini saa ya kutoka ikifika kila mtu ana mlango wake. Nilikaa kitandani bila kunawa, nikingoja labda mtu agonge, aseme nimependeza, au hata aulize nimepatwa na nini. Nikalala hivyohivyo. Rangi ya kucha ilikaa mpaka ikabanduka yenyewe.

Ndiyo maana sikuandika. Kila nikishika kalamu naona nakutwisha upweke wangu juu ya wako.

Nimeomba likizo. Bosi anasema ataangalia.

Mwanao,
kitinda mimba


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Huyo dereva na kidole chake amenichekesha mpaka jirani akachungulia. Na huyo mtoto mpelekee salamu zangu. Usingoje keki.

Nilipofika pale ulipokaa kitandani na uso wako, niliikunja barua, nikavaa shati safi, nikatoka. Nilikwenda kwa kinyozi. Hukujua, lakini tangu msiba nilikuwa sijakanyaga kwake, ndevu zilikuwa zimefika kwenye kifungo cha pili. Alisimama na mkasi hewani: "Wewe! Nilidhani umehama!" Alipaza sauti kwa ajili ya masikio yangu mpaka wapita njia wakageuka. Alininyoa taratibu. Chini ya ndevu nimekikuta kidevu changu, kimepungua. Waliokuwa kwenye benchi wakasema bwana harusi huyo, nikawatukana kidogo, wakanisogezea nafasi. Nikakaa nao. Sikusikia nusu ya maneno yao, lakini walipocheka nilicheka.

Likizo ukipewa, njoo. Usipopewa, andika.

Kuna jambo wewe huenda hukuwahi kuliona, ulikuwa shuleni saa hizo. Nikitoka kunyolewa sikuwa na ruhusa ya kujiingilia tu. Nilikuwa nabisha hodi, mama yako anakuja mlangoni, ananigeuza shavu hili, ananigeuza shavu lile, ndipo ananipisha.

Basi siku ile nilipofika nyumbani kutoka kwa kinyozi nilibisha hodi. Mkono ulibisha wenyewe. Nikasimama, shingo nimeinyoosha, shavu nimeligeuza. Nikangoja.

Kisha nikatoa ufunguo, nikaingia.

Baba yako