Sauti za Chini

Jumamosi, 1 Februari

Somo la nne. Watu saba kwenye viti vya plastiki, ukumbi wa kanisa hapa Kiamunyi, na Mwalimu Chelimo na spika yake. Alifundisha muziki shuleni miaka mingi. Amestaafu, anasema hawezi kukaa nyumbani akitazama kuku.

Leo mapigo. Haturuhusiwi kusema muziki ni mzuri au mbaya. Kuhesabu tu. Moja mbili tatu, moja mbili tatu. Densi ya matajiri wa Ulaya ya zamani. Nilihesabu vizuri kuliko wote. Nilikaa na mitambo ya kuchimba mvuke wa ardhini kule Naivasha miaka ishirini na miwili. Mashine ikikosa pigo moja nilijua kabla ya mtu kutazama mita.

Mke wangu, Mama Njeri, ameuliza tena kwa nini mwanamume wa umri wangu anajifunza muziki wa Wazungu. Nikasema nimestaafu, nifanye nini. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Jumanne, 4 Februari

Nusu ya pili niiandike hapa. Masikio yangu yanakwisha. Daktari aliniambia mwezi wa Novemba. Ni kelele za mitambo. Vya kuziba masikio tulipewa, mimi nilikuwa navivua ili niisikie mashine vizuri. Kosa langu. Sauti za juu ndizo zinazotangulia kwenda, za chini zitakaa zaidi. Zikienda hazirudi.

Mke wangu hajui. Ameimba alto kwenye kwaya tangu kabla hatujaoana, na sijawahi kujua alto ni ipi kati ya zile sauti nne. Naona aibu. Nataka kusikia vizuri kilichobaki.

Jumamosi, 8 Februari

Nilidhani Wazungu walizaliwa na sauti nne, kama zilivyo kwenye kitabu cha nyimbo. Sivyo. Mwalimu anasema watawa waliimba sauti moja tu, wote pamoja, kwa karne nyingi. Baadaye sana ndipo wakaongeza ya pili juu yake. Walichukua muda mrefu kuthubutu.

Akacheza kipande kimoja mara sita. Kila mara, sikilizeni besi, ile sauti ya chini kabisa, peke yake, mwache mengine yapite. Mara nne sikupata kitu. Mara ya tano nikaikuta, inatembea huko chini, haipumziki, na vyote vya juu vimeiegemea. Nikajifanya nakohoa, wasinione uso.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani nilitafuta alto. Nilipata besi peke yake. Mama Njeri nilimwona anafungua mdomo.

Jumatano, 12 Februari

Siku mbaya. Nilikuwa sebuleni, Mama Njeri jikoni, maji yamefunguliwa. Akasema kitu. Nikajibu, "Sawa, weka hapo." Akasema tena. Nikajibu vilevile.

Alikuwa akiniambia mama yangu ameteleza uani kule Kabazi na ameumia mguu.

Akaja akasimama mlangoni akanitazama. Kisha akachukua simu akampigia mwenyewe jirani wa mama. Mguu umeteguka, haukuvunjika. Hayo nilimwomba ayarudie, akayarudia bila kunitazama. Anadhani nina moyo wa jiwe. Ningeweza kumwambia papo hapo. Niliogopa. Niliogopa atakavyoanza kunipigia kelele polepole, neno moja moja, kama watu wanavyofanya kwa wazee.

Ijumaa, 14 Februari

Chakula kinawekwa mezani. Maneno hakuna.

Jumamosi, 15 Februari

Okestra nzima leo. Kila ala na rangi yake. Mwalimu akatuambia kuna kachuma kadogo ka pembe tatu, kanagongwa mara chache. Ukikasikia, inua mkono.

Mikono ikainuka yote. Nikainua wangu nikiwa nimechelewa. Mara ya pili nikawatazama wengine kwanza. Mara ya tatu nikainua peke yangu, hakuna kilicholia. Mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya.

Mwalimu alinibakiza. Akaniuliza ni tangu lini. Nikamweleza yote. Akaanza kunisimulia habari za Mjerumani mmoja aliyekuwa kiziwi na bado akatunga. Sikutaka kufarijiwa na mtu mwenye kipaji. Mimi natunga nini? Nikamwambia hivyo. Akakunja waya wa spika.

"Mama Njeri anajua?" akauliza.

Nikaanza kupanga viti.

"Basi umeniambia mimi kabla yake. Hiyo si sawa, mzee."

Jumapili, 16 Februari

Nimemwambia. Baada ya kanisa, tukiwa tumeketi, nikimtazama mdomo. Nilitaka kusema mengi, nikasema machache. Hakunikatiza.

"Kwa hivyo Jumatano hukusikia."

"Sikusikia."

"Nimekuchukia siku nne, Baba Njeri. Nimekuchukia kabisa."

Akalia. Hasira yake ni ya Novemba, si ya Jumatano. Kwamba nilibeba peke yangu kama yeye ni mgeni. Ana haki. Sikujitetea. Alhamisi tunaenda kwa daktari wote wawili, kuuliza kuhusu vile vifaa vya masikioni vya kusaidia kusikia. Ameamua yeye. Nimefurahi kuamuliwa.

Jumamosi, 1 Machi

Kabazi. Leo sikwenda darasani. Tumekuja kumwona mama. Anatembea kwa fimbo na hataki kusaidiwa.

Mchana tuliketi nje tukiambua maganda ya minji. Nikamwomba Mama Njeri aimbe alto yake, peke yake. Nilitarajia wimbo. Kumbe ni noti tatu zinazozunguka mahali pamoja, zinapanda kidogo, zinarudi. Maneno yalinipotea, sauti nilipata yote. Nikamwambia ukweli, kwamba peke yake haina kitu. Akacheka. Akasema anajua, miaka yote hiyo anajua.

Akaanza tena. Safari hii nikaingia na besi, polepole, nikihesabu moyoni. Nilipotea kwenye mstari wa pili. Akaningoja. Tukafika mwisho.

Mama akatoka jikoni na fimbo yake, akasimama akisikiliza, kisha akauliza huo ni wimbo gani mpya.

Ni ule ule anaouimba mwenyewe kila Jumapili, ila bila sauti yake ya juu. Hatukumwambia. Tukauanza tena.