Askari Aliyeingia Mtoni

Mjukuu wangu Rehema,

Unisamehe kwa ukimya huu mrefu. Tulikuwa Idete tukilinda mpunga dhidi ya ndege. Bibi yako hajambo.

Umeuliza kwa nini sikujiunga na jeshi. Nilikuwa njiani kwenda kujiandikisha, nikiwaza sare tu. Mto ulikuwa umefurika, na askari mmoja alisimama majini hadi kifuani, akitushikia kamba tuvuke.

“Afande, huogopi mamba?” nilimuuliza.

“Naogopa sana. Vuka, maneno mengi ya nini?”

Nilikaa ng'ambo nikimtazama hadi bibi kizee wa mwisho alipovuka. Sikujiandikisha, kwa kuwa nilijua mimi nisingeingia majini.

Nadhani wewe ungeingia. Jumapili nitamwambia hivyo baba yako, ambaye bado anakukatalia kujiunga na jeshi. Akishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Babu yako