Nimesema "Inafaa" Miaka Miwili, na Bia Haifai

Mpendwa Mama Walburga,

Nisaidie mwenzio, maana nina jambo ambalo siwezi kulisema kanisani wala nyumbani wala kwenye meza yetu ya baa, na kwa kweli pale mezani ndipo lilipo, kwa hiyo nakuandikia wewe usiyenijua, na majina yote nimeyabadilisha kwa sababu huku Franconia ya Juu vijiji ni vidogo na kila mtu anamjua mbwa wa mwenzake.

Mimi ni mtu wa miaka sitini na mbili, seremala mstaafu. Babu yake baba alikuwa fundi mapipa wa kiwanda cha bia cha kijijini kwetu, na tangu enzi zake kuna desturi kwamba pipa jipya likifunguliwa kikombe cha kwanza anapewa mtu wa nyumba yetu, anakunywa amesimama, baa nzima imenyamaza, halafu anasema neno moja tu, "Inafaa", basi bomba linaachiwa na kila mtu anapata chake. Neno ni hilo hilo, hakuna zaidi, sisi watu wa huku hatuna maneno ya kupambapamba, mtu akioa tunamwambia inafaa, na akimzika mzee wake vizuri tunamwambia inafaa. Babu alisema hivyo, baba alisema hivyo, na mimi huu ni mwaka wangu wa ishirini na tisa.

Kiwanda ni cha dada Kunigunda. Mumewe Lorenz alifariki miaka minne iliyopita akamwachia sufuria kubwa la shaba, mapipa, baa yenye meza saba, na sisi. Kunigunda mwenyewe ni mtoto wa wapika bia, Lorenz ndiye aliyeingia kwao, kwa hiyo kazi anaijua tangu utotoni, na miaka miwili ya mwanzo ya ujane wake alipika bia tamu kuliko ya marehemu, nasema kweli, hata rafiki yangu Erhard ambaye hamsifu mtu alikuwa anarudisha kikombe hakina tone. Kisha ikaja ile baridi ambayo kijiji kizima kililala na mafua makali, naye akaugua wiki tatu, akapona, akarudi kwenye sufuria lake, na tangu hapo, Mama Walburga, bia imeharibika.

Ukiileta puani unasikia siagi iliyokaa sana, ukimeza kuna uchachu unabaki nyuma ya ulimi, na pipa likifika nusu ndiyo usiseme. Siku ile ya kwanza nilisimama na kikombe changu, watu wamenyamaza, yeye kasimama karibu na bomba ananiangalia mdomoni, amekonda, ndiyo kwanza ametoka kitandani, nikasema "Inafaa". Nikajidanganya kwamba ni pipa hilo moja tu lililoharibika. La pili nikasema, la tatu nikasema, na sasa imetimia miaka miwili.

Wenzangu nao wanajua, lakini hakuna anayefungua mdomo. Mwezi wa saba nilikutana na Erhard kwenye duka kubwa la mjini, mimi na kreti langu, yeye na lake, yote ya kiwanda kikubwa kinachouza bia mkoa mzima.

"Ni ya wageni," akasema kabla sijamuuliza.

"Wageni gani, Erhard? Wewe hata dada yako hakutembelei."

"Na hilo lako je?"

"La wageni."

Tukasaidiana kupakia, na jioni ile ile tukakaa kwa Kunigunda tukanywa ya kwake polepole kama dawa. Mke wangu Roswitha kreti amelikuta chumba cha kufulia, nilikolificha chini ya blanketi, akaniambia, "Nyie wanaume mnamnywea yule mama kwa huruma, na watu wa nje wameshaacha kuja." Ni kweli, wale wa baiskeli wanaopita Jumapili wanakunywa nusu, wanaacha nusu, wanaondoka wakitabasamu.

Na yeye mwenyewe amekuwa mzembe, nalisema kwa uchungu. Mwezi uliopita vitunguu viliungua jikoni hadi harufu ikatufikia mezani, naye alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, amelipa mgongo, anakata mkate huku anaimba taratibu, mpaka Erhard alipokwenda kuzima. Supu siku hizi ni chumvi tupu. Bia yake haionji tena mbele yetu, anakunywa maji, ukimuuliza anasema daktari amemkataza. Na kila pipa jipya ananiuliza mambo ya ajabu, "Veit, harufu ya mkate unaisikia ndani yake? Uchungu umekuja mwanzo au mwisho?" nami namwambia inafaa, dada, inafaa, ili yaishe.

Halafu yupo huyu Hartwig. Alikuwa na kiwanda chake kijiji cha jirani, akakifunga miaka mitatu iliyopita, jengo sasa ni nyumba za kupangisha na yeye analima maboga. Anakuja kila Ijumaa, anakaa na sisi, anaagiza juisi ya tofaa. Mpika bia, ndani ya kiwanda cha bia, juisi ya tofaa. Tumeshamwambia kwamba hiyo ni dharau, anacheka tu.

Sasa kile kiwanda kikubwa kimemwandikia Kunigunda. Kinataka jina na ile picha ya korongo kwenye lebo, bia itapikwa kwao mjini, na sufuria la kwetu lizimwe. Jumatatu iliyopita aliniita kule nyuma kwenye chumba cha kuchachushia, akanionyesha barua.

"Siku ya Mtakatifu Martin nafungua bia kali ya msimu," akasema. "Utakunywa wewe kwanza, kama kawaida. Ukisema inafaa, barua hii naichana mbele yenu. Ukisema haifai, naweka sahihi."

"Lakini dada Kuni, kwa nini iwe mimi?"

"Kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya."

Nilitoka pale nikasahau na kofia yangu.

Zimebaki wiki tatu, Mama Walburga, na usingizi umenikimbia. Nikisema inafaa, atawakatalia wale watu na kuendelea kupika bia isiyonyweka mpaka tubaki watano, kisha atafunga vilevile na mikono mitupu. Nikisema haifai, mimi kitukuu cha fundi mapipa ndiye niliyezima sufuria lililowapikia bia babu zangu, tena mbele ya watu, na yeye atajua kwamba nimekuwa mwongo wake kwa miaka miwili. Erhard ananiambia, "Sema inafaa, kwani utakufa?" Niambie nifanye nini.

Veit, Franconia ya Juu

Mama Walburga anajibu:

Bwana Veit,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilishika kalamu nikawa napigia mistari, na huruma ikapungua.

Vitunguu vinaungua karibu yake, yeye anaimba. Supu inazidi chumvi. Bia yake mwenyewe haigusi. Anamuuliza mtu mzima kama mkate unasikika na uchungu umekuja saa ngapi. Yote hayo umeyaandika wewe, kwa mkono wako, na ugonjwa ulioyatangulia umeutaja pia, kisha unaniambia ni uzembe. Bwana we, huyo mama hasikii harufu. Pua yake ilikwenda na yale mafua. Mimi si daktari, lakini dada yangu yalimkuta hayo hayo, akatunywesha maziwa yaliyochacha wiki nzima na kushangaa kwa nini tunakunja uso.

Sasa fikiri. Mpika bia aliyepoteza pua atamwambia nani? Meza yenu, ambayo harusi na mazishi mnayapa neno moja? Alinyamaza kwa aibu, akaamua kupika kwa pua yako. Ndiyo maana ya yale maswali uliyoyaona ya ajabu. Alikuwa anakuuliza kama kipofu anayeuliza kama barabara ina gari, na wewe ukawa unamwambia vuka, dada, vuka, ili yaishe.

Sikuiti mtu mbaya. Ile siku ya kwanza, mwanamke amekonda vile, hata mimi ningesita. Huruma ya siku moja naielewa. Lakini pipa la pili, la tatu, la kumi, hapo hukuwa unamhurumia yeye, ulikuwa unajihurumia wewe, usije ukaonekana mbaya katika baa unayoipenda. Na wenzako wote vilevile, na makreti yenu ya wageni wasiofika. Mnaogopa kiwanda kikubwa kitamla Kunigunda, na ninyi ndio mnakilisha.

Sikiliza nitakachokwambia, na usikipunguze.

Usingoje siku ya Mtakatifu Martin. Habari kama hii hapewi mtu mbele ya baa nzima. Nenda siku baa imefungwa, asubuhi, hujanywa kahawa wala hujavuta kiko, ulimi uwe safi. Chukua chupa moja kutoka chini ya lile blanketi. Mkae wawili, bia yake na ile ya mjini, umweleze kila unachokisikia, siagi, uchachu, na tangu lini. Mwambie wazi, "Dada, nimekudanganya miaka miwili." Halafu unyamaze, umwache aseme la kwake. Akilia, kaa hapo hapo. Akikufukuza, ondoka, urudi kesho.

Pili, aende kwa daktari wa pua. Wengine hupona, wengine hawaponi, lakini ajue yuko wapi.

Tatu, mwende kwa Hartwig, na wewe uanze kwa kumwomba radhi. Mezani kwenu ndiye mtu pekee asiyemdanganya Kunigunda. Bia mbaya hakuinywa na hakuisifu, akaendelea kuja kila Ijumaa. Mwanamume aliyefunga kiwanda chake haji kukaa kwenye kiwanda cha mwenzake kwa ajili ya juisi. Ana pua, hana sufuria. Kunigunda ana sufuria, hana pua. Hilo mlikuwa nalo mezani miaka yote hii mkalicheka. Huenda ni mabomba machafu, huenda ni hamira imezeeka, yeye atajua kwa kunusa mara moja.

Huenda baada ya yote hayo Kunigunda akaamua kuuza. Ni mali yake na uchovu ni wake, auze akijua anachouza. Usimbembeleze abaki kwa ajili ya kikombe chako cha kwanza.

Na kwa kuwa nakujua sasa, barua hii nimekutumia kwanza kwa posta. Gazetini itatoka Alhamisi ya wiki ijayo. Majina umeyabadilisha, sawa, lakini kijiji chenye mwonjaji wa kurithi na korongo kwenye lebo ni kimoja tu, na Kunigunda husoma gazeti hili, maana aliwahi kuniandikia Lorenz alipofariki. Una mpaka Jumatano.

Siku ya Mtakatifu Martin ikifika na kikombe cha kwanza ukapewa bado, kipokee, unywe taratibu. Ikiwa mbaya, sema mbaya. Ikiwa nzuri, usimwambie "Inafaa", neno hilo umelimaliza. Mwambie mkate umeusikia, na uchungu umekuja mwisho.

Mama Walburga