Hodi Kwenye Manowari Yako

Mpendwa Baba Salim,

Juzi nimekwenda kuiona meli yako. Wameitoa baharini, wameipandisha juu ya nguzo za saruji na kuifanya makumbusho, watu wanapanda ngazi kwenda kuitazama. Imepakwa rangi mpya mpaka inang'aa. Ungeiona ungecheka, maana wewe ulikuwa ukirudi nayo imejaa kutu, na wewe mwenyewe umejaa grisi, na kufua ni kazi yangu.

Mwanetu Salim ndiye aliyenipeleka. Njia nzima kutoka nyumbani Ansab alikuwa kwenye simu, Kiarabu mtindo mmoja kama wenzake wote waliozaliwa huku, na tulipofika akasema atanisubiri garini. Simlaumu, ana kazi zake. Lakini nilipomwambia, "Ile ndiyo manowari ya baba yako," akaniuliza manowari ni nini. Hapo nikajua nimebaki peke yangu na neno hilo.

Neno letu, Baba Salim. Miaka yote uliyokuwa fundi wa mitambo humo, ulikuwa ukirudi husukumi mlango wako mwenyewe. Unasimama nje na mfuko begani, unabisha: "Hodi! Nnaomba ruhusa ya kutia nanga kwa manowari ya nchi kavu!" Manowari ni mimi, kwa unene wangu na ukali wangu. Nami najibu toka jikoni, "We mtu weye, mtu hapigi hodi kwake!" Husogei mpaka niseme karibu. Majirani wanatucheka, nami najifanya nimekasirika, kumbe chai iko tayari tangu adhuhuri.

Nilikuwa nikikuuliza, hiyo yako nitaiona lini? Ukisema wake hawaruhusiwi. "Siku wakiruhusu ntakukaribisha mwenyewe, bibi. Utapiga hodi, mimi ntaitika." Ukastaafu, ukaugua, siku hiyo haikufika.

Basi nimepanda zile ngazi kwa magoti haya unayoyajua, nikafika kwenye mlango wa chuma, mfupi, wa kuinamia. Ndani kimya. Nikasema hodi. Ulimi ulinitangulia tu. Msimamizi, mwanamke wa makamo, akanitazama, kisha akaniambia kwa Kiarabu, "Ingia mama, mlango uko wazi." Nikamwambia naona uko wazi. Nikapiga hodi ya pili. Nikapiga ya tatu, nikangoja, nikasikia feni tu.

Wewe ndiye uliyewafunza watoto wetu: hodi tatu, usipoitikiwa, rudi. Nikarudi. Yule mwanamke alidhani naogopa giza la ndani, akanishika mkono kunishusha.

"Mbona mapema?" Salim akauliza.

"Mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe nani, mama?" Kabla sijajibu simu yake ikalia.

Nina upweke, Baba Salim, sikufichi. Watoto wana funguo zao, wanaingia kimya, naona tu mtu yuko sebuleni na viatu vyake mlangoni. Hakuna anayebisha siku hizi. Chai naipika bado, nakunywa nusu, nyingine namwaga.

Mola akulaze pema, baba wa wanangu. Siku yangu ikifika nitapiga hodi mara moja tu, maana magoti hayana tena subira ya kusimama nje. Usikawie kuitika.

Mkeo,
manowari ya nchi kavu